Beni: Harry Johnston, mtu aliyepewa okapi asiyewahi kumuona hai

Jina la kisayansi la okapi, Okapia johnstoni, linatokana na Harry Johnston, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka wa 1858. Ajabu ni kwamba hakuwahi kumuona mnyama huyo akiwa hai.

Mwaka wa 1900, akiwa mjumbe maalum wa Uingereza nchini Uganda, alivuka mto Semliki kuwarudisha kwao Wambuti waliotekwa na Mjerumani mmoja ili waonyeshwe Paris. Ni hao waliomueleza habari za okapi. Kwenye kituo cha Mbeni, ndiyo Beni, alipata vipande viwili vya ngozi ambavyo askari walikuwa wamevifanya mikanda. Porini, wenyeji wakamuonyesha nyayo zenye kwato mbili. Johnston akakataa, akidhani wanamdanganya, maana kichwani mwake alitafuta mnyama wa jamii ya farasi. Wenyeji ndio walikuwa na haki.

Huko London, Sclater naye aliviweka vipande hivyo katika jamii ya farasi. Baadaye Eriksson, afisa Mswidi wa Mbeni, akamtumia Johnston ngozi nzima na mafuvu mawili. Mwaka uleule wa 1901, Lankester akahakikisha kwamba okapi ni ndugu ya twiga.

Johnston alifariki mwaka wa 1927. Neno okapi lenyewe alilipata kwa Wambuti.