Mussolini, mwandishi wa habari aliyefunga magazeti

Benito Mussolini, mtu aliyeleta ufashisti duniani, alikuwa mwandishi wa habari mbele ya kuwa mtawala. Wengi wanamkumbuka kwa picha zake akihutubia umati, lakini kalamu ndiyo iliyomfungulia njia.

Alizaliwa tarehe 29 Julai 1883 huko Predappio, inchini Italia. Baba yake alikuwa mhunzi na msoshalisti mkali, mama yake mwalimu. Jina Benito lilitokana na Benito Juárez, rais wa Mexico.

Mwisho wa 1912, chama cha wasoshalisti kilimkabidhi gazeti lake, Avanti!, na wasomaji wakaongezeka sana. Miaka 2 baadaye akageuka: aliyekuwa anapinga vita sasa alidai Italia iingie vitani. Chama kikamfukuza Novemba 1914. Mwezi huo huo alikuwa ameshaanzisha gazeti lake mwenyewe, Il Popolo d'Italia, kwa pesa za matajiri wa viwanda na nyingine zilizotoka Ufaransa. Ni vizuri kila mara kuuliza nani analipa wino.

Tarehe 23 Machi 1919, mjini Milano, aliunda kundi lake, wengi wao askari waliotoka vitani. Wiki 3 baadaye, wafuasi wake na wenzao walichoma ofisi za Avanti!, gazeti lile alilokuwa analiongoza. Katika uchaguzi wa mwaka huo, orodha yake mjini Milano haikupata hata kiti kimoja. Basi vijana wa shati nyeusi wakaingia vijijini na fimbo, wakapiga viongozi wa wakulima na kuwanywesha kwa nguvu mafuta ya mbarika ya kuharisha. Wenye mashamba makubwa walitoa pesa, na polisi mara nyingi iliangalia pembeni.

Oktoba 1922 wafuasi wake waliandamana kuelekea Roma. Yeye hakutembea: alingoja Milano, kisha akapanda treni ya usiku. Jeshi lingeweza kuwazuia. Waziri mkuu Luigi Facta alikuwa ametayarisha amri ya hali ya dharura, lakini mfalme Vittorio Emanuele III alikataa kuitia sahihi, akamwita Mussolini aunde serikali. Sahihi hiyo iliyokosekana ilikuwa na uzito kuliko maandamano yote.

Tarehe 30 Mei 1924, mbunge Giacomo Matteotti alisimama bungeni akashutumu fujo na udanganyifu wa uchaguzi wa Aprili. Siku 11 baadaye alitekwa njiani mjini Roma, na maiti yake ilipatikana mwezi wa nane. Wapinzani walitoka bungeni wakitumaini mfalme atafanya kitu. Hakufanya. Tarehe 3 Januari 1925, mbele ya bunge, Mussolini alijibebesha mwenyewe mzigo wa yote yaliyotokea. Mwisho wa 1926, vyama vingine vilikuwa vimefutwa na magazeti ya upinzani yamefungwa.

Oktoba 1935 alivamia Ethiopia, na ndege zake zikamwaga gesi ya sumu, iliyokatazwa na mkataba ambao Italia yenyewe ilikuwa imeukubali. Hapo historia inatugusa. Mwaka 1941, wanajeshi wa Force Publique walipita Sudan wakapigana Asosa, Gambela na Saïo, ambako jenerali Pietro Gazzera alijisalimisha tarehe 3 Julai. Kambi Saïo ya Bukavu inabeba jina la vita hiyo. Wakongomani hao walisaidia kukomboa Waafrika wenzao, wakirudi nyumbani ambako wao wenyewe hawakuwa na haki ya kupiga kura.

Mwaka 1938 zilitoka sheria dhidi ya Wayahudi, na 1940 akaingia vitani upande wa Hitler. Julai 1943, wakubwa wa chama chake walipiga kura dhidi yake, mfalme akamkamata. Wajerumani walimtorosha na kumweka atawale kaskazini. Tarehe 28 Aprili 1945 wapiganaji wa msituni walimuua kwa risasi, na maiti yake ikatundikwa Piazzale Loreto, Milano, mahali ambapo mwaka uliotangulia mafashisti walikuwa wameua wafungwa 15 na kuacha miili yao hadharani. Mwaka 1946 Waitalia walipiga kura, wakaondoa ufalme.