Reginald Fitz, daktari aliyekifuatilia kidole tumbo

Msikilizaji wetu, kuna swali linalowasumbua wengi. Mgonjwa amepasuliwa, kidole tumbo kimetolewa, halafu daktari anasema kwa macho kinaonekana kizima. Je, alipasuliwa bure? Kabla ya kujibu, leo tunamkumbuka Reginald Heber Fitz wa Marekani.

Fitz alizaliwa mwaka 1843 huko Chelsea, jimbo la Massachusetts. Alihitimu udaktari Harvard mwaka 1868, kisha akaenda Ulaya. Mjini Berlin alisoma kwa Rudolf Virchow, bingwa aliyefundisha kwamba ugonjwa utafutwe ndani ya seli, kwa hadubini. Fitz alirudi Boston na elimu hiyo, akawafundisha wanafunzi wa Harvard.

Enzi hizo wengi walikufa kwa maumivu ya tumbo upande wa kulia, chini. Madaktari walidhani chanzo ni mwanzo wa utumbo mpana, wakawapa wagonjwa afyuni ya kutuliza maumivu. Fitz alikusanya taarifa za wagonjwa 257 waliotobokwa na kidole tumbo. Mwaka 1886, mjini Washington, aliwaonyesha madaktari wenzake kwamba mara nyingi chanzo ni hicho kidole tumbo. Ugonjwa akauita apendisaitisi, akahimiza upasuaji wa mapema. Yeye mwenyewe hakuwa mpasuaji. Alifariki mwaka 1913.

Sasa turudi kwenye swali letu. Kidole tumbo huanza kuvimba kwa ndani, huku nje kikiwa bado laini. Ndiyo maana kikishatolewa hupelekwa maabara, hukatwa vipande vyembamba sana, hutiwa rangi na kuangaliwa kwa hadubini. Chembe nyeupe za damu zikikutwa zimejaa kwenye ukuta wake, basi kilikuwa kinaumwa. Wakati mwingine hukutwa mayai ya kichocho, minyoo au hata saratani, na hapo mgonjwa huhitaji tiba nyingine. Kikikutwa kizima kweli, chanzo cha maumivu kitafutwe kwingine.

Kwa hiyo, wewe au ndugu yako akipasuliwa, ulizeni kama kidole tumbo kimepelekwa maabara, na mrudi kuchukua majibu. Na maumivu yakianzia kitovuni yakahamia kulia chini, msisubiri kupambazuke. Wahini hospitali. Fitz alilisema hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita, na bado ni kweli.