Raymond Dart na Ubongo wa Jiwe

Wasomaji wa gazeti letu wamekwisha kusoma habari za majemadari, wafalme na wasafiri. Mara hii naomba nafasi nieleze maisha ya mtu wa namna nyingine kabisa, mwalimu wa anatomia, aliyepata sifa kwa ajili ya jiwe moja lenye umbo la ubongo. Kwa muda wa miaka 22 wakubwa wa elimu yake walikataa kumsadiki, mpaka ulipofanyika mkutano katika mji wa Nairobi, ambao mtu akiondoka hapa Tarime alfajiri na kuvuka mpaka Sirari huufikia siku hiyo hiyo. Jina lake ni Raymond Arthur Dart.

Nimemchagua yeye kwa sababu kila nifundishapo habari za ubongo na neva katika kidato cha tatu, huulizwa na wanafunzi kama elimu hiyo ina uhusiano wowote na nchi zetu, au ni mambo ya hospitali za Ulaya tu. Basi habari za Dart ni jibu langu.

Alizaliwa tarehe 4 Februari 1893 huko Toowong, karibu na mji wa Brisbane katika Australia, wakati wa mafuriko makubwa. Alikuwa mtoto wa tano katika watoto tisa, na wazazi wake walikuwa watu wa duka na shamba. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Queensland kwa kulipiwa ada kwa sababu ya kufaulu mitihani, kisha akajifunza utabibu Sydney. Mwaka 1918 akawa daktari wa jeshi katika Uingereza na Ufaransa. Vita vilipokwisha akaenda London kufanya kazi chini ya Grafton Elliot Smith, Mwaustralia mwenzake, ambaye wakati ule alikuwa mmoja wa wajuzi wakubwa wa ubongo duniani. Hapo ndipo Dart alipojifunza kuisoma mikunjo ya ubongo kama sisi tusomavyo ramani ya mkoa.

Mwanzoni mwa mwaka 1923, akiwa hajatimiza miaka 30, alipelekwa Johannesburg kuwa profesa wa anatomia katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Hakufurahi hata kidogo. Chuo kilikuwa kipya, vyumba vitupu, vitabu haba, na vifaa vya kufundishia karibu havikuwapo. Alijiona kama mtu aliyetupwa mbali na moto wakati wenzake wanaota. Lakini hakukaa kulia. Aliwaagiza wanafunzi wake wakienda likizo watafute mifupa ya kale, wailete, apate makumbusho ya kufundishia.

Mwaka 1924 mwanafunzi mmoja, Josephine Salmons, mwanamke pekee katika darasa lile, alimletea fuvu la nyani lililogeuka jiwe. Alikuwa ameliona limewekwa kama pambo katika nyumba ya mkubwa mmoja wa kampuni ya chokaa, nalo lilikuwa limetoka katika machimbo ya Taung. Napenda wanafunzi wa kike wa shule hii walikumbuke jina la Josephine Salmons, maana vitabu vingi humtaja kwa mstari mmoja tu, kisha vikampita. Bila jicho lake, Dart asingalijua hata kwamba Taung kuna kitu.

Dart akaomba kwamba mawe mengine ya namna ile yasitupwe. Wenzetu wa Nyamongo, wanaovunja mawe kwa ajili ya dhahabu, wanaelewa jambo hili. Mchimbaji hutafuta kile anacholipwa, na kisichokuwa hicho hutupwa kando. Kule Taung walitafuta chokaa, na baruti ilikuwa ikipasua mifupa ya kale kila siku. Mtaalamu wa mawe, Profesa Young, akasaidia kupeleka masanduku mawili nyumbani kwa Dart.

Masanduku yalifika mwishoni mwa Novemba 1924, siku ya harusi ya rafiki yake, na Dart alikuwa ndiye msimamizi wa bwana harusi. Nguo rasmi alikuwa amevaa nusu. Hakuweza kungoja, akafungua. Katika sanduku la pili akaona jiwe la duara lenye mikunjo na alama za mishipa ya damu. Jambo lenyewe hutokea hivi. Mnyama akifa pangoni, ubongo wake huoza, kisha mchanga na maji ya chokaa huingia ndani ya fuvu, hujaa, hukauka, na kugandamana kuwa jiwe. Fuvu likivunjika, jiwe lile hubaki na sura ya ubongo uliooza, kama uji ulioganda katika kibuyu. Daktari mwingine angaliona jiwe tu. Dart, aliyelelewa na Elliot Smith, aliona ubongo, tena akaona kwamba si wa nyani, na hata haufanani sawasawa na wa sokwe. Bwana harusi alimvuta kwa nguvu.

Katika sanduku lile lile mlikuwa na jiwe jingine ambalo jiwe la ubongo lilikaa ndani yake barabara. Uso ulikuwa umefichwa humo. Kwa majuma kadhaa Dart alilichokoa, akitumia hata sindano za mkewe za kufumia sweta, ambazo alizinoa. Tarehe 23 Desemba jiwe likaachia, na uso wa mtoto ukatokea, wenye meno ya utoto, na magego ya kwanza ya ukubwani yakianza kuota.

Tarehe 7 Februari 1925 Dart alitangaza habari yake katika gazeti la sayansi la Nature, akampa kiumbe huyo jina la Australopithecus africanus. Hoja zake zilikuwa tatu. Kwanza, tundu la chini ya fuvu ambamo uti wa mgongo huingia lilikuwa mbele, si nyuma kama la sokwe. Maana yake kichwa kilikaa juu ya mwili uliosimama kwa miguu miwili. Pili, meno ya chonge yalikuwa madogo. Tatu, mfereji mmoja wa sehemu ya nyuma ya ubongo, wenye umbo la mwezi mchanga, aliuona umesogea nyuma kama wa mwanadamu, ingawa ubongo wote ulikuwa mdogo. Hoja hii ya tatu wataalamu waliibishania miaka mingi sana. Hoja ya kwanza, kwa maoni yangu, ilitosha peke yake.

Lakini London hawakusadiki. Arthur Keith, mkubwa wa wote, alisema kwamba huyu ni mtoto wa jamaa ya sokwe tu, na watoto wa sokwe hufanana na watu kuliko wazee wao. Hata Elliot Smith, mwalimu wake, alisitasita. Na hapa pana jambo la kushangaza. Huko Piltdown katika Uingereza, mwaka 1912, ilitangazwa kwamba limepatikana fuvu lenye ubongo mkubwa na taya la nyani. Kwa hiyo wakubwa waliamini kwamba ubongo ulitangulia kukua, na mwendo na meno vikafuata, tena kwamba asili ya mtu ni Ulaya au Asia. Mtoto wa Taung alikuwa kinyume cha yote. Ubongo wake ulikuwa kadiri ya sentimita za ujazo 400 tu, na wetu kwa wastani ni kama 1,350. Tena alitoka Afrika. Mwaka 1953 ilithibitishwa kwamba fuvu la Piltdown lilikuwa la hila: mtu alichanganya fuvu la mwanadamu na taya la nyani mkubwa wa Asia, akayapaka rangi. Uwongo wa nyumbani ulisadikiwa miaka 40, na kweli ya mbali ikawekwa mlangoni.

Mwaka 1931 Dart alisafiri London na fuvu lake. Safari ile ilikuwa mbaya. Katika kikao cha wataalamu wa wanyama, habari za mafuvu mapya ya Peking zilielezwa kwanza, kwa picha na vielelezo vizuri. Dart akasimama baadaye na jiwe moja mkononi, maneno yakampotea. Usiku mmoja mkewe alilisahau sanduku la fuvu ndani ya teksi, likazunguka mji mpaka likapatikana kituo cha polisi. Kitabu kirefu alichokuwa ameandika hakikukubaliwa kupigwa chapa, ila sehemu ya meno tu. Akarudi Johannesburg, akaiweka habari ya Taung kando, akajitia katika kuijenga shule ya utabibu. Alichoka kupita kiasi hata akaugua, akaacha ukuu wa shule hiyo mwaka 1943.

Hapa nasema lililo langu. Mwaka 1931 hoja za Dart zilikuwa zile zile zilizomshindia baadaye. Kilichokosekana ni mtu wa kuyachukua mafuvu mengi na kuyalinganisha pamoja, na mahali ambapo mtafiti wa mbali husikilizwa kama mjumbe, si kama mwombaji.

Mahali hapo palipatikana Nairobi. Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, aliyekuwa akitunza jumba la makumbusho pale, aliita Mkutano wa kwanza wa Afrika Nzima wa Elimu ya Kale, Januari 1947. Kabla yake, Wilfrid Le Gros Clark wa Oxford, naye mjuzi wa ubongo, ambaye hapo kwanza hakusadiki, alifanya jambo ambalo wengine walikuwa hawajalifanya. Alipima mafuvu zaidi ya 100 ya sokwe na gorila, kisha akasafiri hadi Afrika Kusini, akaishika mifupa yenyewe kwa mikono yake: ya Dart, na ya Robert Broom, mzee aliyekuwa akichimba Sterkfontein na Kromdraai tangu 1936. Kisha akaja Nairobi, akasimama mbele ya wajumbe wa nchi nyingi na kueleza kwamba Dart na Broom walikuwa na haki. Mwaka ule ule Keith naye akaandika katika Nature kwamba Dart alisema kweli.

Miaka 22 ni mingi. Mtoto aliyezaliwa siku ile ya sanduku la harusi angalikuwa mtu mzima. Ndiyo maana mimi hufurahi nikisikia habari za Chama cha Wanasayansi wa Neva wa Afrika, SONA, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1993, ambacho mwaka 2017 kilikutana Entebbe, ng'ambo ya ziwa letu. Na za shirika la dunia la IBRO, lililoanzishwa 1961, ambalo huwalipia nauli watafiti vijana waende mikutanoni na karatasi zao. Nauli ni jambo dogo machoni pa mwenye nazo.

Si kila alichofanya Dart ni cha kusifiwa. Mwaka 1936 alikwenda na wenzake Kalahari kupima miili na nyuso za Wasan kwa fikira za kugawanya watu kwa makabila ya damu, kazi ambayo leo imelaumiwa, na kwa haki. Tena, mwanafunzi wake Phillip Tobias alipomvuta arudie mifupa kwa kuleta mafuvu ya nyani kutoka Makapansgat mwaka 1945, Dart alichimba huko akadai kwamba viumbe wale walikuwa wauaji wenye silaha za mifupa. C. K. Brain alichunguza akaona kwamba mifupa ile ilivunjwa na chui na fisi. Na mtoto wa Taung mwenyewe, kama walivyoeleza Berger na Clarke mwaka 1995, aliuawa na tai.

Mwaka 1959 Mary Leakey alipata fuvu la Zinjanthropus huko Olduvai, na kazi ya kulieleza akapewa Tobias, yule mwanafunzi. Kisha ikapatikana mifupa mingine, yenye ubongo wa sentimita za ujazo 600 na zaidi. Mwaka 1964 Leakey, Tobias na Napier walikitangaza kiumbe kipya. Jina lake, Homo habilis, yaani mtu hodari wa mikono, lilitokana na shauri la mzee Dart.

Alifariki Johannesburg tarehe 22 Novemba 1988, mwenye umri wa miaka 95. Fuvu la Taung limo katika chuo chake, na la Zinjanthropus limo Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Atokaye Mugumu akaingia hifadhi kwa lango la Ikoma, akapita Seronera na Naabi, huliona bonde la Olduvai kabla hajapanda Ngorongoro.