Sheikh Al-Amin, Mwalimu Aliyesema na Watu kwa Karatasi

Mkutubi wa maktaba ndogo ya mji wetu alinijia nyumbani siku moja baada ya sala ya alasiri. Akaketi barazani, akakataa kahawa mara mbili, ya tatu akaipokea, ndipo akaitoa haja yake. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi pale maktabani huwa na kikao cha kumzungumzia mwandishi mmoja, wakaja watoto wa skuli, kina mama na wazee wasiokuwa na la kufanya mchana ule. Shaaban Robert alikwisha zungumzwa. Muyaka naye alikwisha zungumzwa, tena kwa mabishano makali. Sasa alitaka mtu wa pwani aliyeandika nathari, na hakuwa na wa kumzungumzia.

Nikamwambia nitakuja, na nitamzungumza Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Yule kijana akaniuliza kama huyo ndiye babake Profesa Ali Mazrui. Ndiye, nikajibu, lakini swali lile lilinichoma kidogo. Zamani ungeuliza Mombasa juu ya yule mtoto ukaambiwa ni mwana wa Sheikh Al-Amin. Leo mambo yamegeuka, baba ndiye anayejulikana kwa mwanawe.

Msomaji ataniwia radhi nikianza mbali kidogo. Mamazrui waliitawala Mombasa mpaka mwaka 1837, Sayyid Said alipoivunja nguvu yao. Ufalme ukaondoka, elimu ikabaki, na katika nyumba ile kadhi alikuwa akimrithi kadhi. Baba yake Sheikh Al-Amin, Sheikh Ali bin Abdalla, alikuwa mwanachuoni mkubwa asiyeogopa kusema, na ulimi huo ulimtia gerezani Unguja katika zama za Sayyid Barghash. Alifunguliwa mwaka 1888, Barghash alipokufa na Sayyid Khalifa akashika nchi. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1891, akazaliwa Al-Amin. Mwaka 1894 Sheikh Ali akafariki. Basi mtoto hakupata kusoma kwa babake hata alifu. Alichorithi ni vitabu, na jina ambalo watu walitazamia alitendee haki.

Aliyemlea na kumsomesha ni jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, naye pia mtu wa ukadhi. Alipokuwa kijana akavuka kwenda Unguja, kama walivyofanya wanafunzi wote wa pwani siku zile waliotaka kuzama katika elimu, akakaa mbele ya Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdalla Bakathir. Hao wawili hawahitaji kujulishwa kwa wasomaji wa ukurasa huu. Aliporudi Mombasa alikuwa na fikihi yake, nahau yake na tafsiri yake, na angeweza kukaa msikitini akadarsisha mpaka mwisho wa umri wake, watu wakambusu mkono na ikatosha.

Haikumtosha. Kulikuwa na jarida likitoka Misri, Al-Manar, alilolianzisha Rashid Rida mwaka 1898, lenye kueneza mawazo ya Sheikh Muhammad Abduh. Lilikuwa likivuka bahari mpaka huku kwetu. Sheikh Al-Amin alilisoma kwa makini, na humo akakuta swali ambalo halikumwachia usingizi: kwa nini Waislamu walikuwa mbele kisha wakawa nyuma? Wengine walilisoma jarida lile wakafurahi kwa Kiarabu chake kizuri, wakalikunja. Yeye aliutazama mji wake. Aliona serikali ya Waingereza, aliona biashara ikishikwa na wageni, aliona skuli zinazofungua milango ya kazi zikiwa za misheni. Na kwa upande wa pili aliona vijana wa Kiislamu wakisubiri harusi ya wiki ijayo.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo kwangu mimi ni kubwa kuliko cheo chochote alichopata baadaye. Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi ndogo aliyoiita Sahifa, kwa Kiswahili. Mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah, maana yake matengenezo, lenye Kiswahili na Kiarabu. Leo tumezoea magazeti, tunayasoma na kufungia samaki. Wakati ule mwanachuoni alikuwa akiandika kwa Kiarabu kwa ajili ya wanachuoni wenzake, na kwa Kiswahili akitunga utenzi. Kuchukua lugha ya sokoni, lugha ile ile ya mchukuzi na muuza mbaazi, ukaiandikia nathari juu ya uchumi, malezi, siasa na dini, halafu ukaitoa kwa watu wote, lilikuwa jambo jipya. Wapo walioona kwamba elimu inashushwa daraja. Yeye aliona kwamba elimu isiyoeleweka na mwenye mji haimfai mwenye mji.

Nilipofika hapa, siku ile maktabani, nilitaja jambo ambalo liliwafanya watoto wanitazame vizuri. Maktaba ya McMillan ya Nairobi, lile jumba la nguzo kubwa, ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika hakuingia. Mombasa tulikuwa na chumba cha kusomea cha Seif bin Salim tangu 1903, Al-Amin akiwa na miaka kama 12, lakini miji yetu midogo haikuwa na kitu. Maktaba za serikali kwa watu wote zilikuja baada ya uhuru, kwa sheria ya mwaka 1965. Kwa hiyo alipotoa Sahifa, msomaji wake hakuwa na pa kwenda kuazima kitabu. Sheikh alimletea kitabu mlangoni, karatasi moja moja.

Na maneno ya karatasi zile hayakuwa ya kubembeleza. Aliwakemea wanaume wanaoiga Wazungu katika mavazi na michezo wakaacha kuwaiga katika bidii na kazi. Alikemea gharama za harusi na matanga, mtu kukopa ili watu wale siku saba, kisha yeye na watoto wake wakae na njaa mwaka mzima. Alitaka mtoto wa Kiislamu asome dini yake na pia asome elimu ya kisasa, na mtoto wa kike asomeshwe. Akakataza mengi aliyoyaona kuwa ni bidaa. Hapa nitasema langu: kuna mahali Sheikh huwa mkali kupita ninavyoweza kumfuata. Mimi nimelelewa na matari na maulidi, na ngoma ya harusi bado hunitikisa bega. Ukimsoma lakini, utaona hakemei kama mtu aliyesimama nje ya nyumba akitupa mawe. Husema sisi, hasemi nyinyi.

Juu ya herufi alikuwa na shughuli nyingine. Serikali na misheni walikuwa wamekwisha kukifanya Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kizungu. Watu wa pwani walikuwa wakikiandika kwa herufi za Kiarabu karne nyingi, lakini herufi zile zilikuwa na udhia wake, kwa sababu Kiarabu hakina p wala ch wala v, na irabu zake hazitoshi, hivyo neno moja laweza kusomwa mara tatu kwa maana tatu. Sheikh Al-Amin alijaribu kuzitengeneza herufi hizo zilingane na sauti za Kiswahili. Kazi hiyo wachache wanaikumbuka. Mkondo wa dunia ulikuwa na nguvu kuliko kalamu yake, na leo kijana wa mji wetu husoma Kurani vizuri kabisa lakini ukimpa barua ya babu yake, iliyoandikwa kwa herufi zile zile, hukurudishia.

Mwanzoni mwa miaka ile ya 1930 alifanywa Kadhi wa Mombasa, na Al-Islah halikuendelea tena muda mrefu. Nionavyo mimi ukadhi na ugazeti hazikuweza kukaa nyumba moja: kadhi hulipwa na serikali, na mhariri mwenye ulimi kama wa Sheikh Ali bin Abdalla hawezi kukaa na serikali akanyamaza. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichobaki nacho mpaka kufa. Ila kalamu hakuiweka chini. Aliandika vitabu vya mafunzo ya dini kwa watoto. Aliandika kwa Kiarabu historia ya Mamazrui wa Mombasa, ambayo mwaka 1995 ilichapishwa pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza. Alianza kuifasiri Kurani kwa Kiswahili, akafariki kazi haijatimia, na sehemu ya Alfatiha na Albakara ikatolewa kitabu mwaka 1980. Mwaka 1944 makala za Sahifa zilikusanywa katika kitabu cha Uwongozi. Ni nakala ya kitabu hicho, ya marehemu baba yangu, isiyokuwa na jalada, niliyokwenda nayo maktabani.

Alifariki mwaka 1947. Mwanawe Ali alikuwa na miaka 14, na baba alikuwa amemkusudia apelekwe Al-Azhar. Hakwenda Misri. Alikwenda Uingereza na Marekani, akawa profesa aliyesikika dunia nzima, na alipofariki huko mwaka 2014 aliletwa Mombasa akazikwa katika makaburi ya Mamazrui, karibu na Ngome. Wanafunzi wa Sheikh nao walibeba mzigo wao. Sheikh Muhammad Kasim Mazrui alikuwa Kadhi Mkuu baada ya uhuru, na kalamu yake ilitoka katika wino ule ule. Baada yake, mwaka 1968, akaja Sheikh Abdalla Saleh Farsy, ambaye mwaka uliofuata alitoa tafsiri kamili ya Kurani kwa Kiswahili. Njia ilikuwa imekwisha fyekwa.

Nilizungumza kama saa moja. Mkutubi alikuwa ametandika mikeka kwa kuwa viti havikutosha. Wavuvi wawili walilala, siwalaumu, walikuwa wametoka baharini usiku. Baada ya maswali, mama mmoja aliyekaa nyuma alinyanyuka akaja na daftari lililofungwa katika leso. Lilikuwa la bibi yake mzaa baba. Nyumbani kwao liliwekwa sandukuni pamoja na msahafu, halifunguliwi, kwa sababu lina herufi za Kiarabu na wote walidhani ni dua. Aliponisikia nikisema kwamba Kiswahili kilikuwa kikiandikwa hivyo, aliondoka mkutanoni kimya kimya akaenda kulichukua.

Nikalisoma, polepole, nikikwama kila pale p ilipoandikwa b. Hazikuwa dua. Ilikuwa hesabu ya harusi: mchele, samli, mbuzi, nguo za bibi harusi, mpiga ngoma, na jina la kila aliyekopesha. Watu walicheka, maana baadhi ya majina wajukuu wake wamekaa pale pale mkekani. Nikafungua ukurasa unaofuata, na macho yangu yakatangulia ulimi. Niliufunga. Yule mama alinitazama akafahamu, akaniomba tuusome watu wakishaondoka.

Ukurasa ule ulikuwa na rehani. Shamba la minazi liliwekwa kwa shilingi kadhaa ili harusi ile ipite kwa heshima, na chini yake bibi aliandika kwamba muda umepita na shamba limekwenda, kwa ridhaa yake. Ukoo wa yule mama umeamini miaka yote hii kwamba shamba lao lilidhulumiwa. Hawajibu salamu za ukoo wa pili. Kakake mmoja alikataa posa kwa sababu hiyo. Alikaa ameshika leso mkononi, hakusema kitu, na mkutubi akajifanya anapanga vitabu ambavyo vilikuwa vimekwisha pangika.

Sasa kila Jumamosi asubuhi ninafundisha kusoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu pale maktabani. Hakuna fungu la pesa, kuna ubao mmoja na chaki tunayonunua wenyewe. Wanafunzi ni kumi na mmoja, watoto saba na watu wazima wanne. Uwongozi ya baba yangu niliiacha pale, mkutubi akaitia jalada la karatasi ya kaki, na tangu hapo imeazimwa mara sita. Yule mama huja mapema kuliko wote na hukaa mbele. Daftari huja nalo, lakini hulifungua kwenye hesabu ya mchele na samli tu, na kakake bado hajamwambia.