Apolo Kivebulaya: Sauti Iliyomrudisha Mboga

Mtu akipangiwa kazi huku kwetu Lodwar au Kakuma, watu wa kwao humpa pole. Na sisi wenyewe tukipiga magoti, mara nyingi tunamwomba Mungu atutoe: atutoe kwenye ukame, atutoe kambini. Si maombi mabaya. Lakini juma hili nataka tumtazame mtu aliyeisikia sauti ya Mungu, na sauti hiyo haikumtoa, ilimrudisha.

Alizaliwa Buganda miaka ya 1860, akaitwa Waswa kwa sababu alikuwa pacha. Aliwahi kuwa upande wa Waislamu, na mafundisho ya mmisionari Alexander Mackay yakamgeuza. Alibatizwa mwaka wa 1895 na kuitwa Apolo, kama yule wa Matendo 18, msemaji hodari aliyekubali kusahihishwa na mafundi wa hema. Kivebulaya ni jina la utani tu, maana yake kitu cha kutoka Ulaya, kwa ajili ya koti la Kizungu alilopenda kuvaa na kanzu.

Mwaka huo huo alitumwa Toro, chini ya milima ya Rwenzori. Mwishoni mwa 1896 akavuka bonde la Semliki kwa miguu mpaka Mboga, pembeni mwa msitu wa Ituri. Leo ni Kongo, na ndugu zetu Wakongo wa Kakuma wanaijua Ituri kuliko mimi. Walimu wawili walikuwa wamemtangulia huko, lakini walinyimwa chakula mpaka wakaondoka. Apolo alizipata hizo habari. Unajua alifanya nini? Alinunua jembe. Mimi nimesomea biashara, na sijaona mtaji mdogo uliofanya kazi kubwa hivyo. Alimsikiliza Mungu aliyemtuma, akasikiliza pia habari za njiani.

Jembe lilimlisha, lakini halikumkinga. Alikemea hirizi na ulevi, na chifu Tabaro akawa adui yake. Alipigwa vibaya. Kisha mwanamke wa jamaa ya chifu akajichoma kwa bahati mbaya na mkuki uliofichika ndani ya nyasi, akafa, na lawama ikamwangukia Apolo. Akafungwa, akapelekwa Toro mbele ya maofisa Waingereza, akatiwa gerezani.

Kule kifungoni alimwona Yesu, aking'aa kama jua, akimwambia ajipe moyo kwa kuwa yuko pamoja naye. Basi, ni hilo tu. Hakuambiwa kesi itaisha lini, wala Tabaro atafanywa nini. Sisi tungetaka tarehe!

Kesi haikusimama, akaachiliwa. Buganda kulikuwa na makanisa, kulikuwa na watu wake, na hakuna ambaye angemlaumu kwenda nyumbani. Akarudi Mboga. Kwa Tabaro yule yule. Hebu fikiria kijiji ulikotolewa umefungwa kama mwizi, halafu unarudi na Biblia kumsalimia aliyekufunga. Si mchezo. Na baadaye Tabaro mwenyewe aliokoka, akabatizwa jina la Paulo.

Apolo alifanywa shemasi mwaka wa 1900 na kasisi 1903. Mchumba wake alifariki, na hakuoa tena. Wazungu wakachora mpaka, Mboga ikaangukia kwa Wabelgiji, naye akatumika miaka kadhaa upande wa Uganda kabla ya kurudi tena. Mwaka wa 1921, akiwa na zaidi ya miaka hamsini, Yesu alimtokea mara nyingine na kumwambia aende msituni. Wengi waliwadharau Wambuti, watu wafupi wa msituni, hata kuwahesabu si watu kamili. Apolo akaingia humo, akakaa nao, akahubiri, na Injili ya Marko ikawekwa katika lugha yao.

Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Kabla ya kufa aliomba, kinyume cha desturi, azikwe kichwa kikielekea magharibi. Buganda iko mashariki. Magharibi ni msitu.