Edgar Codd, aliyekataza kompyuta kuandika habari zisizo na mwenyewe

Tarehe 18 mwezi wa nne mwaka 2003, Edgar Frank Codd alifariki inchini Marekani, katika jimbo la Florida, akiwa na umri wa miaka 79. Kazi yake bado inafanyika kila mara mtu anapoagiza bidhaa kwa intaneti.

Codd alizaliwa mwaka 1923 huko Portland, kusini mwa Uingereza. Alisoma hesabu na kemia katika chuo kikuu cha Oxford, na wakati wa vita ya pili ya dunia alikuwa rubani wa jeshi. Mwaka 1948 alihamia Marekani, akaajiriwa na kampuni ya IBM.

Zamani hizo, kila programu ilipaswa kujua njia ya kufikia kila habari iliyohifadhiwa. Mpangilio ukibadilika, programu zinakwama. Mwaka 1970 Codd alipendekeza habari ziwekwe katika majedwali, yaunganishwe kwa namba. Namba ya mteja iliyo kwenye oda lazima iwepo kwenye jedwali la wateja. Isipokuwepo, oda inakataliwa.

IBM haikuharakisha, kwani ilikuwa inapata pesa nyingi kwa mfumo wake mwingine, IMS. Codd aliendelea kutetea wazo lake. Mwaka 1979 kampuni ndogo, ambayo leo inaitwa Oracle, ilitangulia kuuza mfumo wa namna hiyo. IBM ilifuata mwaka 1981, mwaka uleule Codd alipopewa Tuzo ya Turing.

Mwaka 1985 alitoa kanuni zake 12. Moja inasema kwamba masharti ya kulinda data yakae ndani ya ghala la data lenyewe, yasiachiwe kila programu.

Sababu inaonekana wazi kwenye tovuti za leo. Muuzaji anafuta bidhaa, na sekunde ileile mteja anaiagiza. Kila fomu ikihakikiwa peke yake, zote mbili zinaonekana sawa. Ghala pekee ndilo linaona kwamba zinapingana. Ndiyo maana oda, mteja na bidhaa huhakikiwa pamoja: kimoja kikikosea, hakuna kinachoandikwa. Utaratibu huo wa yote au hakuna uliimarishwa na wataalamu wengine, akiwemo Jim Gray, aliyefanya kazi IBM pia.