Rebmann wa Rabai na Majini ya Kilimanjaro

Jina la Johannes Rebmann si geni Rabai. Alizaliwa Gerlingen, Ujerumani, mwaka 1820, akashuka Mombasa mwaka 1846 na kufanya maskani Rabai pamoja na mwenziwe, Krapf.

Zama hizo watu wa misafara ya pwani walikuwa na kisa chao juu ya Kilimanjaro. Kileleni mna fedha, walisema, nayo inalindwa na majini. Ilisimuliwa kwamba Mangi wa Machame aliwahi kupeleka watu wakailete. Wengi wakafa, na aliyenusurika akarudi mikono na miguu imeharibika.

Tarehe 11 Mei 1848, akiongozwa na Bwana Kheri, Rebmann aliuona weupe ule kwa macho yake. Alipouliza ni nini, kiongozi wake alimjibu kuwa ni baridi. Naye, mzaliwa wa nchi ya theluji, akafahamu papo hapo kuwa ile fedha ni theluji, na lile jini ni baridi kali.

Huko London, bingwa wa jiografia Cooley, asiyepata kuuona mlima huo, aliikanusha habari yake. Mwaka 1862 Baron von der Decken aliupanda kwa sehemu, theluji ikamwangukia.

Rebmann aliondoka Rabai mwaka 1875, kipofu, akafa Korntal mwaka 1876.

Wazee wetu hawakusema uongo. Madhara waliyaona, wakayapa jina walilolijua. Majini wapo, Qurani imewataja. Lakini si kila kinachotutisha ni jini.